Barua kwa Mwalimu: Lekcha ninazo, diskasheni ninazo, GRE nitaisoma saa ngapi?

Wiki hii mkoba wa barua umejaa mitihani. Nimechagua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu inanihusu kuliko mwandishi wake anavyojua. Mbili za mwisho ni fupi, na moja inahusu taa.

Shikamoo Mwalimu.

Mimi ni msichana wa mwaka wa tatu, nasoma uhandisi wa umeme chuo kimoja hapa Dar es Salaam. Nikimaliza nataka kuomba shahada ya uzamili Marekani, zile nafasi ambazo chuo chenyewe kinakulipia ada na kukupa posho kwa kufundisha au kusaidia utafiti. Idara nyingi nilizoziangalia zinataka GRE, ule mtihani wa hesabu, lugha ya Kiingereza na insha kwa wanaoomba uzamili. Nimepanga kuufanya mwezi wa kumi.

Shida ni muda. Lekcha zinaanza saa moja asubuhi, siku za maabara natoka saa kumi na mbili jioni. Usiku kuna diskasheni mpaka saa nne. Jumamosi asubuhi kwaya, mchana kufua. Chumbani tunakaa wanne. Nilichora ratiba ya masaa manne kila siku kwenye karatasi ya A4 nikaibandika ukutani juu ya kitanda. Siku ya tisa niliibandua mwenyewe kwa aibu. Tangu hapo nimeanza upya mara tatu. Nimeprinti orodha ya maneno elfu moja ya Kiingereza, nimefika neno la themanini na kitu, na yote yanaanza na A.

Wakati huohuo testi ya juzi nimepata 11 kati ya 30, mimi ambaye sijawahi kushuka chini ya 20. Mchumba wangu anasema nimebadilika. Niahirishe hadi mwaka ujao? Au niache mambo yote nisome GRE tu?

Mwenye ratiba iliyobanduliwa, Dar es Salaam

Marahaba mwanangu.

Hayo maneno themanini yanayoanza na A yamenichekesha, kisha yakaniuma, kwa kuwa na mimi niliyasoma. Hadi leo naweza kukutajia maana ya *abate*, *aberrant*, *abscond* na *abstemious* bila kupepesa. Ukiniuliza neno linaloanza na M, nitaomba muda.

Nilifanya GRE mara ya kwanza Agosti 2013, likizo ya kuingia mwaka wa mwisho. Nilikwenda kwa mjomba Tanga, nikajifungia wiki sita, masaa manane kwa siku. Wali wa nazi naletewa, watoto wanaambiwa wasipige kelele, dada anasoma. Nilirudi Dar nikiwa nimenenepa na nimejiamini. Hesabu nikapata 149, lugha 143, katika kipimo kinachoanzia 130 na kuishia 170. Mjomba aliponipigia kuniuliza nikamwambia mtandao unasumbua.

Kilichoniangusha sikukielewa siku ile. Wiki sita za kujifungia zinakupa ujuzi wa kukaa na kitabu. Mtihani unataka ujuzi mwingine: kuona swali usilolitegemea, kuamua ndani ya dakika moja na nusu, na kusogea. Huo unakuja kidogo kidogo, kama mkono wa kusuka ukili, na ukikaa siku kumi bila kugusa vidole vinasahau.

Nikarudi chuoni mwaka wa mwisho, na safari hii sikuwa na masaa manane. Nilikuwa na ndoo.

Tulipanga nyumba ya uswahilini, wasichana sita, bomba moja uani. Maji yalikuwa yanatoka alfajiri tu, na ili uyapate uwe umepanga ndoo yako kwenye foleni na nyumba mbili za jirani. Wenzangu waliweka ndoo wakarudi kulala, kisha wakaamka kukuta zimerukwa. Mimi niliamua kukaa na ndoo zetu. Kuanzia saa kumi na moja mpaka saa kumi na mbili nilikaa kwenye ngazi ya jikoni na kanga mabegani, tochi ya simu, na burungutu la vikaratasi nililolifunga kwa rababendi. Hakuna aliyenitafuta saa ile. Hakuna lekcha, hakuna diskasheni, mchumba amelala, mama hajaamka kupiga simu. Niliigundua kwa bahati, lakini ndiyo iliyonipeleka Marekani: Machi 2014 nikapata 161 ya hesabu na 152 ya lugha.

Kwa hiyo usinitafutie masaa manne. Nitafutie saa moja ambayo hakuna mtu anayeidai.

Namna ya kuipata si kuchora ratiba nyingine. Ratiba yako ya A4 ilikuwa ya msichana mwingine, yule asiyefua, asiyechelewa maabara, asiyekaa chumba cha watu wanne. Fanya kinyume: kwa siku saba, kila ukilala andika ulikuwa wapi saa kwa saa. Usijirekebishe, andika tu. Umeniambia diskasheni inaisha saa nne usiku, lakini hukuniambia unalala saa ngapi, na nina wasiwasi kwamba kati ya saa nne na saa saba usiku kuna simu. Sikuhukumu, hata mimi ninayo. Ila ukilala saa saba, alfajiri yako imeshauzwa. Ukilala saa tano, unayo. Na kama wewe si mtu wa alfajiri, tafuta pengo la mchana: nimewaona wanafunzi wangu wenye kipindi saa mbili na kingine saa tano, wanakaa kibarazani masaa mawili wakisubiri. Pengo hilo hilo, kila siku, mahali pamoja. Ukilihamisha hamisha litakukimbia.

Sasa, saa moja inatosha nini? Hapa una bahati ambayo sisi hatukuwa nayo. Enzi zetu mtihani ulikaribia masaa manne, tulikuwa na insha mbili na mtu anatoka amekauka koo. Tangu Septemba 2023 umefupishwa, sasa ni dakika 118 zote kwa zote. Insha moja ya dakika 30. Lugha maswali 27 kwa dakika 41, hesabu maswali 27 kwa dakika 47, kila kimoja kikiwa kimekatwa vipande viwili. Kipande cha kwanza cha hesabu ni maswali 12 kwa dakika 21. Cha lugha ni 12 kwa dakika 18.

Angalia hesabu hizo tena kwa jicho la mtu mwenye saa moja. Kipande kizima kinaingia ndani yake, na dakika kama arobaini zinabaki za kukaa na makosa. Leo hesabu, kesho lugha. Unaweka alamu, unafanya maswali 12 kama vile uko chumba cha mtihani, alamu ikilia unaacha hata kama umebakiza mawili. Yale mawili ubashiri, maana jibu la kubahatisha halikukatii maksi, na kuacha wazi ni kumpa mtahini zawadi. Kisha unafungua kaunta buku.

Kaunta buku ndiyo mtaala wako. Nilipiga mistari kurasa zote ziwe safu tatu: swali, nilichofikiri, kilichopo. Bado ninayo, ina alama ya kikombe cha chai jaladani. Nikunukulie ukurasa mmoja wa Oktoba 2013. Swali lilitoa vitu viwili, x mraba upande mmoja na x upande wa pili, likauliza kipi kikubwa. Nilichagua x mraba bila kusita, mimi mwanafunzi wa takwimu wa mwaka wa mwisho. Safu ya pili nimeandika: *namba ukiizidisha kwa yenyewe inakua.* Safu ya tatu: *nusu mara nusu ni robo. Moja mara moja ni moja. Hatujaambiwa x ni nini. Jibu ni kwamba haijulikani.* Chini yake nimeongeza kwa kalamu nyekundu, kwa hasira inayoonekana: *SIFURI. HASI. SEHEMU. JARIBU KWANZA.*

Wewe mhandisi utaangushwa hapo hapo. Kalkulasi unaijua, mawimbi unayajua, lakini mtihani huu hauulizi hayo. Unauliza hesabu za sekondari kwa hila. Bei imepanda asilimia 20 kisha ikashuka asilimia 20, imerudi pale pale? Kichwa kilichochoka kinasema ndiyo. Shilingi 100 imekwenda 120, asilimia 20 ya 120 ni 24, imebaki 96. Makosa ya namna hii hayatibiwi na kitabu kipya. Yanatibiwa na kuyaona maandishi yako mwenyewe mara ya tatu ukiwa umekosea vilevile. Mimi lile la x nililirudia mara nne kabla halijakoma.

Na chukua hesabu za kipande cha kwanza kwa uzito. Ukikifanya vizuri, cha pili kinakuwa kigumu zaidi, na maksi za juu zinakaa huko. Ukikifanya hovyo unapewa rahisi, unatoka ukitabasamu, kumbe dari limeshushwa.

Tuje kwenye ile orodha ya maneno elfu. Itupe. Yaani usiitupe, karatasi ni ghali, ikate vipande na utumie upande wa nyuma. Neno lisilo na mtu halikai kichwani. Mimi nilianza kuyafaulu maneno siku nilipoacha kuyakariri na kuanza kuyagawa. *Laconic* nilimpa mwenzetu chumba cha mwisho, ambaye hata ukimwambia nyumba inaungua atajibu "sawa". *Garrulous* alikuwa konda wa daladala ya asubuhi, asiyefunga mdomo. *Parsimonious* nilimpa mama ntilie wetu, Mungu amrehemu, aliyekuwa akipima maharage kana kwamba ni dawa. *Capricious* lilikuwa bomba, linalotoa maji likijisikia. Maneno kumi kwa siku, kila moja na mwenyewe, na kesho unawakagua wote kabla ya kuongeza wapya. Ukifika mia nne umewamaliza watu mtaani na unaanza kuwapa wanasiasa.

Lakini maneno ni nusu tu. Sisi tuliosoma kwa Kiingereza cha darasani tunasoma sentensi kama mtu anayevuka mto, jiwe kwa jiwe, tunachukua nomino na kuruka viunganishi. Mtihani huu unakaa kwenye viunganishi. Sentensi inaanza na "ingawa", katikati inakanusha, mwishoni inakanusha kile ilichokanusha, na wewe umeshajaza jibu la kinyume. Dawa yake ni kusoma kitu kirefu kisicho cha fani yako mara moja kwa wiki, historia, elimu ya viumbe, sanaa, na kila aya ukiimaliza useme kwa Kiswahili, kwa sauti, mwandishi amesema nini. Ukishindwa kuisema kwa Kiswahili, hukuielewa. Wanafunzi wangu hawaipendi hii, wanasema inawachelewesha. Ndiyo, inachelewesha.

Insha nayo Jumamosi moja moja baada ya kwaya. Wanaotunga mtihani, ETS, wameweka hadharani kwenye tovuti yao mkusanyiko mzima wa mada za insha. Mada utakayopewa inatoka humo. Chukua yoyote, dakika 30, na uandike kwa kompyuta, si kwa kalamu, kwenye programu isiyokurekebishia tahajia. Wengi wetu tunaandika kwa haraka kwenye simu kwa vidole gumba, tukipewa kibodi tunageuka wazee.

Sasa chuo. Hapa nitakuwa mkali kidogo.

Hiyo 11 kati ya 30 ndiyo iliyonishtua kwenye barua yako, kuliko GRE yote. Idara itakayosoma maombi yako itafungua nakala ya matokeo kabla ya kitu kingine. GRE ni asubuhi moja. Matokeo ya chuo ni miaka minne, na hakuna maksi za GRE zitakazowafanya wasahau kuuliza kwa nini mwaka wa tatu mtu alizama. Ukiwa na GPA, yaani wastani wa matokeo yako ya chuo, ya 4.4 unaingia daraja la kwanza, ukiwa na 3.5 uko daraja la pili la juu, na kati ya hizo mbili kuna pesa nyingi za Wamarekani. Kwa hiyo kama saa ya GRE inakula kozwek, maksi zako za testi na asaimenti, saa ya GRE ndiyo ipunguzwe. Na fikiria sapu, mtihani wa kurudia somo ulilofeli: ukishika moja, itakuja kukaa kwenye wiki zile zile ulizoziwekea mtihani wako.

Mimi ni mtoto wa pwani, kwetu hakuna anayegombana na maji. Yakijaa unavua, yakipwa unaokota chaza. Semista nayo inajaa na kupwa. Wiki nne za mwanzo, kabla testi hazijaanza, fanya saa nzima kila siku, siku sita. Zikija testi, shusha hadi nusu saa, kaunta buku tu, usiguse maswali mapya. Wiki ya kujiandaa na UE, mitihani ya mwisho wa semista, na wiki za UE zenyewe, vikaratasi vya maneno peke yake, dakika kumi ukiwa kwenye foleni ya chakula. Usiache kabisa. Ukiacha kabisa wiki tano, utarudi na ile hali ya kuanza upya kwa mara ya nne, na kuanza upya kunachosha kuliko kusoma. Kisha inakuja fildi, mafunzo kwa vitendo. Kama yenu ni zile wiki nane baada ya UE, basi una jioni ambazo mwanafunzi wa chuo hazipati wakati mwingine wowote: unatoka kazini saa kumi na nusu, hakuna asaimenti wala diskasheni. Huko ndiko uongeze iwe masaa mawili, na huko ndiko ufanye mitihani mizima ya majaribio. ETS wanatoa miwili bure kwenye kompyuta. Mmoja ufanye wiki hii, ujue unaanzia wapi. Wa pili uufiche hadi siku kumi na nne kabla ya mtihani. Watu huimaliza yote miwili wiki ya kwanza kwa udadisi.

Kwa hiyo Oktoba yako ni nzuri, usiahirishe. Idara nyingi hufunga maombi kati ya Desemba na Januari. Ukifanya mwanzoni mwa Oktoba na isiende vizuri, sheria inakuruhusu kurudia baada ya siku 21, na bado utakuwa ndani ya muda. Ada ni dola 220, zaidi ya laki tano kwa hela yetu, na najua bumu, pesa ya mkopo wa chuo, likiingia lina wenyewe wengi. Toa ya GRE siku ile ile linapoingia, mpe mtu asiyekuwa na huruma akutunzie. Mimi nilimpa mwenye nyumba.

Kuhusu kuufanya ukiwa chumbani kwako kwa kompyuta: inaruhusiwa, lakini si kwa chumba cha watu wanne. Wanataka uwe peke yako mlango ukiwa umefungwa muda wote, huruhusiwi karatasi ya kawaida ya kufanyia hesabu, unatumia kibao kidogo cha kufutika au karatasi iliyo ndani ya mfuko wa plastiki mwangavu. Ongeza umeme na bando. Nenda kituoni. Na ukijisajili, jina la mwanzo na la ukoo viwe kama vilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Pasipoti yangu ina *u* mwishoni mwa jina, mimi kwa mbwembwe nilijisajili bila *u*. Asubuhi ile nilisimama mlangoni dakika ishirini nikieleza herufi moja, na nilipokaa kwenye kiti mikono ilikuwa inatetemeka. Kosa lilikuwa langu.

Kwaya usiache. Mtu anayekata kila kinachompa pumzi ndiye huyo anayebandua ratiba siku ya tisa. Diskasheni ya kila usiku ipunguze, iwe siku tatu za masomo yanayowatesa kweli. Ya kila usiku mpaka saa nne si diskasheni hiyo mwanangu, ni kijiwe chenye kalkuleta. Mkifika kwenye Simba na Yanga, funga daftari uende.

Mchumba mpe vikaratasi akuulize. Akikubali, mtakuwa mnaonana na unasoma. Akikataa, utakuwa umejifunza kitu ambacho hakimo kwenye GRE.

Mwalimu, habari za kazi.

Kijana wangu yuko mwaka wa mwisho chuoni. Ameniomba dola 220 za mtihani wa kwenda kusoma Marekani, na juu yake anataka pesa ya kozi ya mtandaoni ya kujiandaa. Jirani yangu ambaye mwanawe yuko huko anasema siku hizi vyuo vya kule haviutaki tena mtihani huo. Nani mkweli? Mimi ni mstaafu, pesa ninayo ya kutoa mara moja, si mara mbili.

Mzazi, Bukoba

Salama mzee wangu, shikamoo.

Wote wawili ni wakweli nusu nusu. Kuanzia 2020, wakati wa Korona, idara nyingi za Marekani ziliacha kuudai. Baadhi zimeurudisha, baadhi zimeufanya wa hiari, nyingine hazitaki hata kuuona. Anayeamua mara nyingi ni idara, si chuo, kwa hiyo uhandisi waweza kuutaka na chuo hicho hicho elimu ya jamii wasiutake. Kabla hujatoa shilingi, mwambie kijana akuletee karatasi yenye idara nane anazotaka kuomba, na mbele ya kila moja aandike: unatakiwa, hiari, hautakiwi. Aangalie ukurasa wa idara yenyewe, asimuulize rafiki. Nane zote zikiwa hazitaki, umeokoa laki tano.

Ikiwa unatakiwa, lipa mtihani, usilipe kozi. Kwanza afanye ule wa majaribio wa bure, akuonyeshe maksi. Hesabu za msingi zinafundishwa bure kwenye tovuti ya Khan Academy, mada za insha ziko wazi kwa kila mtu. Akikaa miezi mitatu na hivyo vya bure na maksi hazijasogea, hapo mzungumze kozi. Kijana anayeomba kozi kabla hajafungua cha bure, mara nyingi anaomba mtu wa kumsomea.

Mambo mawili zaidi. Ada ile inajumuisha kupeleka maksi kwenye vyuo vinne atakavyovichagua siku ya mtihani, basi awe amevichagua kabla hajaingia, maana baadaye kila chuo kina malipo yake. Na asichanganye na mtihani wa Kiingereza, TOEFL, ambao ni mwingine na una ada yake. Maksi za GRE zinaishi miaka mitano, za TOEFL miwili. Mwulize anapanga kwenda lini, msije mkanunua za TOEFL mapema zikafa kabla.

Mambo vipi Mwalimu.

Mimi sina mtihani wowote wa Marekani, nina wa hapahapa tu, na nataka kulala. Mwenzangu chumbani anawasha taa saa kumi na moja alfajiri kila siku anasoma maneno ya Kiingereza kwa sauti. Nikimwambia azime ananiita adui wa maendeleo. Nifanyeje bila kugombana?

Adui wa maendeleo, Dodoma

Salama kabisa mwanangu.

Wewe si adui, una usingizi. Kusoma kwa sauti chumbani saa kumi na moja ni kosa lake, na umwambie limetoka kwangu. Kwa sauti ni nje, kibarazani, au kwenye ngazi.

Taa kubwa izimwe, anunue tochi ya kichwa, zile wanazovaa mafundi. Na kanga moja itundikwe kwenye kitanda chako upande wa meza yake. Ila usimwendee na malalamiko matupu, mwendee na biashara. Kama kwenu maji yanatoka alfajiri, mwambie kwa kuwa yeye yu macho, akinge na ndoo yako. Mimi niliwakingia wenzangu watano hadi Machi 2014, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuitaja tochi yangu.